Bana Kwanza, Mtani

Kama kuna watu wawili walionichosha mjini Tabora, ni Nassibu fundi makochi wa Ng'ambo na Sikuzani muuza mapazia wa sokoni. Walikutana siku za mwisho za Ramadhani, soko limejaa halipitiki, na tangu siku ile hawajawahi kufanya jambo lolote kwa njia rahisi.

Nassibu alikuwa amebeba kochi kichwani. Maguta ya kubebea mizigo yamejaa mji mzima, lakini yeye alibeba kichwani, mtu wa miaka sitini na moja, kofia ya kufuma imemshuka mpaka kwenye nyusi na vipande vya sponji vimemganda ndevuni. Mguu wa kochi ukanasa pazia lililotundikwa mlangoni mwa duka la Sikuzani. Pazia likaja na fimbo yake, na mapazia mengine yote yakafuata.

"We mzee! Una macho au una misumari?"

Sikuzani alitoka dukani na dera la zambarau lenye maua meupe, mtandio umemwangukia mabegani, mkono mmoja ameunyanyua juu kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye mwanya na sauti ya kusikika mpaka stesheni.

"Samahani, mama," Nassibu alisema kutoka chini ya kochi.

"Samahani haipigi pasi! Nyie Wanyamwezi mna nini? Tangu mababu zenu mnabeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hamjachoka tu?"

Nassibu akalitua kochi katikati ya njia. Akamtazama vizuri.

"Lafudhi hiyo naijua. Wewe Mzaramo."

"Wa Kisarawe. Unasemaje?"

"Mtani wangu! Basi pazia silifui wala silipigi pasi. Babu zangu walifika pwani na meno ya tembo mabegani, babu zako wakawauzia maji ya chumvi. Nimekuja kulipiza."

Asiyejua utani wa makabila haya mawili atadhani walikuwa wanagombana. Urafiki wa makabila hayo ni wa zamani, wa enzi za misafara, na sheria yake ni kwamba mtani anaweza kukutukana hata msibani kwako na huruhusiwi kununa. Sikuzani alicheka. Nassibu akacheka mpaka akaketi kwenye kochi lake hapohapo njiani. Naye Sikuzani akaketi pembeni yake, mkono wa hina bado uko juu. Watu waliwazunguka wakiwatukana, wao hawasikii.

Nassibu alikuwa mgane. Sikuzani alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli aliyezikwa Tabora, naye akagoma kurudi kwao Kisarawe. Baada ya Idd simu zikaanza.

"Haloo, mbeba mzigo."

"Naam, muuza maji."

"Umekula?"

"Nimekula, ila sauti yako sijaishiba."

"Uongo huo! Jana uliniambia umeingia upadri, seminari ya Kipalapala."

"Wamenifukuza. Wameniona namuwaza Mzaramo wakati wa sala."

Ndivyo walivyozungumza. Siku moja Nassibu alimpigia kwa sauti ya mgonjwa kabisa, akasema yuko Kwihara, fisi amemla mguu mmoja na sasa anautazama wa pili. Sikuzani alimwambia amsalimie fisi na ampe pole kwa chakula kibaya. Hakuna aliyesema neno la kweli kwenye simu ile, na wote wawili walilala na furaha.

Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Nassibu akamtengenezea mchumba wake kochi la watu wawili la mninga, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, mikono yake ameipiga msasa mpaka inateleza. Likawekwa sebuleni kwa Sikuzani. Upande wa mlangoni wa mama, upande wa dirishani wa bwana. Kilichobaki kilikuwa ndoa.

Hapo ndipo tezi dume ikaleta yake. Nassibu aliposhindwa kabisa kukojoa alikwenda Mwanza kufanyiwa operesheni.

"Nifunge duka nije nikuuguze," Sikuzani alimwambia.

"Operesheni ndogo tu. Ukija utawachekesha wagonjwa, nyuzi zitakatika."

Daktari alimweleza kwa subira. Tezi itatolewa, na baada ya mpira wa mkojo kuondolewa huenda mkojo ukawa unamponyoka kwa miezi kadhaa, maana misuli ya kuuzuia itakuwa imelegea. Yapo mazoezi, ayaanze mapema. Nassibu alisikia "utapona" akaacha kusikiliza hapo. Wanaume!

Alirudi Tabora amepona na anavuja. Akiinua mbao, unatoka. Akisimama kutoka kwenye kigoda, unatoka. Akikohoa, akipiga chafya. Lakini hakuna kilichoutoa kama kicheko. Akicheka, hata kidogo, suruali inalowa, na katika mji huu wote alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kumchekesha hadi machozi.

Akaanza kuvaa suruali nyeusi jua la Tabora likiwaka. Nepi za wakubwa alizinunua duka la dawa la mbali asikojulikana. Msikitini akaacha kwenda, ingawa imamu angemwambia kwa dakika moja tu kwamba mwenye udhuru kama wake hutawadha upya kila wakati wa sala unapoingia, akasali. Hakumwuliza imamu. Hakumwuliza mtu.

Alifanya jambo moja la akili. Alichukua mto wa kochi wa upande wa dirishani, akasema umebonyea, akaurudisha umejaa vizuri. Ndani yake, chini ya kitambaa, alikuwa ameshona nailoni nzito pande zote, mshono juu ya mshono, ili siku akikaa pale mkojo usifike kwenye sponji. Sasa sikieni. Jumapili iliyofuata Sikuzani alipika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, akajifukiza udi, akavaa dera jeusi la hariri. Nassibu akaja. Akasimama.

"Kaa basi."

"Niko sawa hapahapa."

"Nassibu, kochi umelitengeneza wewe. Linakuuma?"

"Mgongo. Nikisimama unanyooka."

Alikula wali kwa kusimama, sahani mkononi, ametazama dirishani. Mtu amejishonea kiti, kiti kipo, halafu anasimama! Kila Sikuzani alipofungua kinywa kutania, yeye aliangalia saa. Hakutaka kucheka, na mwanamke akaona mtu asiyetaka hata kutabasamu nyumbani kwake. Aliondoka kabla ya chai.

"Amenichoka," Sikuzani alimwambia jirani yake wa sokoni, Asmahani, muuza vyombo. "Hata kukaa kwangu anaona kinyaa."

Kumbe mwanaume alikuwa amekwenda moja kwa moja nyumbani kwake kubadili nepi, na huko akalia.

Hatimaye alikwenda hospitali, kitengo cha mazoezi tiba. Alitegemea kumkuta mwanaume. Akamkuta Advera, binti wa Kihaya mwenye miwani na koti jeupe, aliyemwamkia vizuri kisha akauliza maswali ambayo Nassibu hakuwahi kuulizwa hata na marehemu mkewe.

"Shikamoo, baba. Mkojo unatoka matone, au unalowesha kabisa?"

"Marahaba. Hakuna mwanaume humu?"

"Yuko likizo. Na misuli yako haijui kama mimi ni mwanamke. Maji unakunywa?"

"Nimeacha. Nisipoingiza, hakitatoka kitu."

"Baba yangu wee!" Advera alivua miwani. "Mkojo ukiwa mkali kibofu kinawashwa, unakwenda mbio zaidi. Kunywa maji. Punguza kahawa ya barazani."

Alimlaza chali, magoti juu, akamfundisha.

"Fikiria uko mbele ya wakwe na upepo unataka kutoka. Unaubana. Msuli huohuo. Bana... usibane matako! Tumbo liache. Baba, mbona hupumui?"

"Nimebana."

"Umebana pumzi! Pumua. Bana msuli wa chini, hesabu polepole, kisha achia. Kuachia nako ni zoezi."

Nassibu alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote. Alibana meno, alibana ngumi, alibana macho. Ilichukua majuma kadhaa na ukali mwingi wa Advera mpaka siku moja msuli wenyewe ukaitika, akaushangaa kama mtu aliyeitwa jina na asiyemjua. Hapo binti akamfundisha jambo kubwa zaidi: kubana kabla. Kabla ya kuinuka, bana. Kabla ya kuinua mbao, bana, toa pumzi, ndipo uinue. Kabla ya kukohoa, bana.

"Na kicheko?" Nassibu aliuliza, akitazama ukuta.

"Vilevile. Bana kwanza, ndipo ucheke."

"Kicheko hakipigi hodi, mwanangu."

"Anayekuchekesha ni nani?"

Nassibu akajikuna ndevu.

"Mchumba."

"Anajua?"

"Ajue nini? Kwamba anaolewa na bomba bovu?"

"Baba, haya mazoezi ni ya miezi. Utamkimbia miezi yote? Mwambie."

Basi akaamua kumwambia. Na kwa kuwa ni Nassibu, akaamua kumwambia kwa simu, saa nne asubuhi, sokoni kukiwa na watu. Sikuzani alikuwa anapima kitambaa, mikono imejaa, akaweka spika.

"Mbeba mzigo! Umefufuka?"

"Sikuzani, nina neno zito."

"Liweke chini, litakuvunja shingo."

"Tangu operesheni mwenzio navuja. Mkojo. Siwezi kuuzuia. Navaa nepi kama mtoto."

Sikuzani alicheka mpaka mkasi ukamtoka. Majuma mazima hakusikia utani wa mtu huyu, na sasa amerudi na mkubwa kuliko wa fisi!

"Jamani njooni msikie! Mnyamwezi wangu anavuja! Nikuletee fundi bomba, au nikuzibe na kiraka cha baiskeli? Tulia, mwanangu, nitakuja nikubebe mgongoni, nikupake na poda!"

Asmahani akaangua kicheko, wateja nao. Nassibu alisikia vicheko vyote, kimoja kimoja. Akasema, "Haya," akakata. Jioni akaandika ujumbe: mambo ya ndoa tuyaache, usinitafute. Sikuzani akamjibu kwa vikaragosi vya kucheka, mstari mzima.

Siku zikapita bila jibu. Akapiga, simu haipokelewi. Akatuma salamu, hazirudi. Ndipo moyo wake ukashuka, akaelewa kwamba kuachwa kule si utani. Asmahani akamletea habari kwamba fundi huonekana hospitali akizungumza na binti mwenye miwani.

"Binti!" Sikuzani alisema. "Ndiyo maana kwangu hakai."

Alilia usiku, na mchana aliwauzia watu mapazia kwa hasira hata wakanunua bila kubishana bei. Aliumia hasa kwa sababu alikuwa ameshazoea. Alikuwa amemzoea mtu wa kumjibu, na nyumba yenye mtu asiyejibiwa ni ndefu sana jioni.

Ijumaa moja alikuwa sebuleni peke yake, akalitazama lile kochi. Akaketi upande wa dirishani, asikokaaga. Mto ukalia kwacha. Akainuka, akaketi tena, ukalia tena. Upande wake haukulia.

"Hata sponji ameniibia! Amejaza mifuko!"

Akachukua mkasi wa dukani, akafumua mto wote kwa ghadhabu. Hakukuta mifuko. Sponji ilikuwa mpya, ile nzuri. Juu yake kulikuwa na nailoni nzito, imekunjwa pembe vizuri, imeshonwa kwa mkono mshono juu ya mshono ili tone lisipenye. Sikuzani alikuwa mtu wa sindano maisha yake yote, na alijua mshono wa mtu anayeogopa. Akageuza mto wake mwenyewe, akapapasa. Hauna kitu.

Akabaki amesimama na mkasi. Suruali nyeusi. Wali wa kusimama. Navuja, navaa nepi kama mtoto.

"Ee Mola wangu," alisema. "Na mimi nikaita watu."

Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, kisha hasira ikaifuata nyuma, na kwa kuwa hasira ndiyo aliyoizoea, alitoka nayo. Alikwenda Ng'ambo na dera la nyumbani, mto kwapani, nailoni inaning'inia, hata wanaume wa barazani wakaacha kahawa zao.

Nassibu alikuwa karakanani, amelala chali juu ya fremu ya kochi lisilokwisha, magoti juu, macho darini, anahesabu. Aliposikia sauti ya Sikuzani mlangoni aliruka wima bila kubana. Ukatoka.

"Nini hii?" Sikuzani alimtupia mto kifuani.

"Nailoni."

"Naona ni nailoni! Kwa nini upande wako peke yake?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia? Nassibu, wewe umeshaniambia umekuwa padri! Umeshaliwa mguu na fisi! Siku unaniambia navuja, mimi nitajuaje kwamba leo ndiyo kweli? Unamwambia mtani jambo kama hilo kwa simu, sokoni?"

"Sikujua uko na watu."

"Saa nne asubuhi nitakuwa na nani, malaika?"

"Ulicheka."

"Nilicheka!"

"Asmahani akacheka. Watu wakacheka." Akaukumbatia mto. "Nilikuwa nimekaa hapa, Sikuzani, nimelowa, nawasikia."

Hasira ya Sikuzani ikamwishia palepale. Akaketi juu ya rundo la sponji, akajifuta uso kwa mtandio.

"Nisamehe," alisema. "Wallahi nisamehe. Nilicheka kwa sababu nilidhani umenirudia."

Nassibu akabaki ameukumbatia mto ili kuficha suruali.

"Sikukuchoka," alisema. "Kila ukinichekesha najilowesha. Sasa nikae na wewe vipi, na wewe huna neno lisilochekesha? Nilikimbia kicheko. Nakupenda mno, sitaki kunuka mbele yako."

"Na binti mwenye miwani?"

"Advera? Huyo ananifundisha kubana. Ni mkali kuliko wewe."

Sikuzani akapumua. Halafu akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyesema uongo juu ya vipimo vya dirisha.

"Mzee mjinga wewe. Mimi nimezaa watoto watatu, wote wakubwa. Unadhani nikipiga chafya kunakuwaje?"

Nassibu akakodoa macho.

"Nawe?"

"Nami! Madera ya giza unadhani navaa kwa sababu ya fasheni? Siku tulipokutana, pale kwenye kochi, umenichekesha na maji yako ya chumvi, nilirudi dukani nikabadili nguo ya ndani. Nimekusema kwa mtu? Nimekuvunjia uchumba?"

Akacheka. Fundi makochi wa Ng'ambo akacheka mpaka akashika fremu, ukatoka, akaendelea kucheka, na alikuwa hajacheka hivyo tangu Mwanza.

"Hata nyie wanawake hupewa mazoezi haya," alisema alipopata pumzi. "Nimewaona pale kwa Advera."

"Na miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Nionyeshe."

"Hapa?"

"Kwani utanionyesha msikitini?"

Akamwonyesha, kwa maneno ya Advera, na mwanamke akabana meno, akabana ngumi, akabana macho.

"Pumua, Sikuzani. Mbona hupumui?"

"Nimebana!"

Jumatano iliyofuata walikwenda hospitali wawili. Advera aliwatazama juu ya miwani, akawasomesha pamoja, na wakambishia pamoja. Nassibu hakupona siku hiyo wala mwezi huo. Zilikuwepo siku kavu na siku mbaya, na siku mbaya alizitangaza kwa sauti ya kulalamika hadi Sikuzani akamwambia yeye si redio. Msikitini alirudi, imamu akamwambia lile la dakika moja.

Na Jumapili moja akaenda kula wali wa nazi. Alivaa kanzu nyeupe, mara ya kwanza tangu operesheni. Alipofika kwenye kochi akasita, mkono umeshika mninga. Sikuzani, aliyekuwa ameshaketi upande wa mlangoni, akajiinua kidogo na kujibwaga tena. Mto wake ukalia kwacha.

"Umetia nailoni?"

"Pande zote mbili. Mshono wangu mzuri kuliko wako. Kaa."

Akakaa. Mto wake nao ukalia. Walikula, wakanywa maji, na Sikuzani akanyanyua kidole.

"Nina neno. Bana kwanza."

"Nimebana."

"Unapumua?"

"Napumua. Nawe je?"

"Nami nimebana. Sikiliza basi. Kaka yangu ameuliza mahari ni nini, ili ndoa iwe Ijumaa hii. Nimemwambia Mnyamwezi anibebe kichwani kutoka Ng'ambo mpaka sokoni."

Nassibu alilipima jambo hilo, midomo imeanza kutetemeka.

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu kwa nini? Nitakuwa nimekaa kwenye kochi."

Kicheko kikamjia kutoka mbali, akakiona kinakuja, akabana kama alivyofundishwa, kikampata hivyohivyo. Walicheka wote wawili, mito ikilia chini yao, mpaka Sikuzani akamshika bega kwa kuogopa kuanguka. Kidogo kilimponyoka Nassibu kwenye kanzu nyeupe. Alikisikia, akajua kimetoka, na hakusimama.